Fundi Kokoto na Mashine Zilizoungua

Mashine ya tatu ilirudi Jumanne asubuhi, imebebwa ndani ya gunia kama kuku aliyekufa. Mwenyewe aliiweka juu ya meza ya kazi, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama anakuna kidevu. Fundi akashika kamba ya kuwashia, akavuta. Kamba ikagoma. Akavuta tena kwa nguvu mpaka meza ikasogea, lakini wapi! Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania silinda, haiendi mbele wala hairudi nyuma.

"Umetia petroli tupu," fundi akasema, tena kwa ukali.

"Nimechanganya na oili, fundi. Vile vile ulivyonifundisha."

"Basi petroli ya siku hizi uchafu mtupu."

Mwenye mashine akamtazama fundi usoni, kisha akatazama chini. "Labda," akasema, akaondoka bila hata kuuliza arudi lini.

Sasa nisikilizeni. Msumeno wa injini kuungua si jambo la ajabu. Watu wanaitumikisha mashine kutwa nzima, wengine wanaitilia mafuta waliyokoroga kwa kijiti kwenye ndoo ya kuogea. Lakini misumeno mitatu ndani ya miezi miwili, yote imetoka mikononi mwa fundi mmoja, yote imeungua namna moja? Hapo usiniambie habari za bahati mbaya. Na huyu hakuwa fundi wa kubahatisha. Huyu ni Fundi Kokoto! Miaka thelathini na moja alitengeneza misumeno ya injini, pampu za maji na mashine za kukatia majani kwenye baraza la nyuma la nyumba yake, na miaka yote hiyo wapasua mbao waliapa kwa jina lake. Mkewe alikuwa ametoka kuzikwa miezi miwili iliyopita. Mtoto wao mmoja tu, wa kike, ameolewa mbali. Kilichobaki ni kazi. Na kazi nayo, mashine moja baada ya nyingine, ilikuwa inamponyoka, na yeye hajui kwa nini.

Jina la Kokoto alipewa na wateja, na lilimkaa. Kwenye kabureta ya msumeno kuna skrubu ndogondogo, na moja kati ya hizo ndiyo roho ya mashine, kwa sababu ndiyo inayopima petroli injini inapokimbia kwa kasi yake yote. Ukiikaza mno, petroli inakuwa haba, na oili iliyochanganywa humo humo nayo inakuwa haba. Mashine itakimbia vizuri, itakupendeza, utajiona umepata. Kumbe inajichoma ndani kwa ndani. Na kipimo chake ni sikio, hakuna kingine. Fundi anabana kibonyezo cha mafuta hadi mwisho, injini ikimbie kwa kasi yote, anasikiliza. Sauti ikiwa laini, nyembamba, filimbi tupu, hiyo ni hatari. Lazima isikike kama kuna kokoto zinagongana mle ndani, krrr, krrr. Ukiuzamisha msumeno kwenye gogo, kokoto zinapotea na mashine inaimba.

"Nataka kokoto!" ndivyo alivyokuwa akipiga kelele pale barazani, macho kayafumba, mkono mmoja umeshika mashine, mwingine umeshika bisibisi. "Filimbi kapigeni harusini! Mimi nataka kokoto!"

Akishapata kokoto zake, alikuwa na desturi yake. Anachukua kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, anaweka nukta moja, nusu juu ya kichwa cha skrubu, nusu kwenye bati lililo kando. Mteja akitia kiherehere chake akaigeuza ile skrubu, nukta inakatika vipande viwili na fundi anajua. Kichupa cha kwanza alimwibia mkewe, ndoa ikiwa na miezi minne. Mama Fundi alinuna siku mbili. Siku ya tatu akacheka, na toka hapo kila mwaka akawa anamnunulia chupa mpya, yeye mwenyewe asipake tena. Wanawake wenzake wakimuuliza mbona kucha zake tupu, anawajibu, "Kucha zangu zote ziko kwenye misumeno." Mashine aliziita wake wenza. "Leo mke mwenzangu yupi kalala juu ya meza?" anauliza, sufuria mkononi, maana dirisha la jikoni lilikuwa linatazama pale pale barazani, na alipika miaka yote hiyo kwenye moshi wa aina mbili.

Alikuwa na kazi yake moja pale. Mashine ikishapona, kabla mwenyewe hajaichukua, Mama Fundi anakuja na kitambaa, anaibeba hadi kwenye ngazi za upande wa pili wa nyumba na kuifuta. Fundi wakati huo yuko bombani ananawa mikono kwa sabuni ya unga, mapovu hadi kwenye viwiko.

"Mashine si mtoto mchanga, unaiogesha ya nini?" alikuwa akimtania.

"Wewe nawa. Kila mtu na kazi yake."

Basi ndiyo maisha yao yalivyokuwa. Halafu Mama Fundi akaumwa tumbo, akalala hospitali siku tisa, na siku ya tisa akafa. Fundi alirudi kwenye meza yake mapema, watu walisema mapema mno. Afanye nini sasa? Akae ndani atazame kanga za marehemu? Alitengeneza mashine ya kwanza, ikaungua. Ya pili, ikaungua. Majirani wakasema ni majonzi, mtu aliyefiwa mkono wake hautulii. Walimpoza. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," jirani wa mkono wa kulia akamwambia, naye alilazimika kusema mara mbili, mara ya pili kwa kupaza sauti, kwa sababu redio ya fundi ilikuwa inaunguruma mpaka vikombe vinatikisika kabatini. Siku hizi ilikuwa hivyo. Redio juu, maneno juu, na ukisema naye kwa sauti ya kawaida anakwambia watu wa leo wamejifunza wapi kumumunya maneno.

Hamkuhitaji daktari kujua. Mtu akikaa miaka thelathini na moja kichwa karibu na eksozi, bila hata pamba masikioni, atabaki na nini? Sauti nzito zilikuwa bado zinamfikia. Zile nyembamba zilishamtoroka zamani, moja moja, kwa ukimya, na mahali pake pameingia mvumo ambao yeye aliuzoea akadhani ndio dunia. Lakini nani amwambie? Na yeye mwenyewe, hata usiku moyo ulipomnong'oneza, alijigeuza upande wa pili akalala. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mashine ile ya tatu aliifumua yote siku hiyo hiyo. Pistoni ilikuwa imechubuka upande wa eksozi, kavu, bila hata chembe ya oili. Njaa ya petroli. Akapima chujio, safi. Mpira wa petroli, mzima. Akazamisha injini kwenye ndoo ya maji na kupuliza, hakuna tundu linalovuja. Akatazama skrubu. Nukta yake nyekundu ilikuwa pale pale, nzima, haijakatika. Alikaa akaitazama ile nukta muda mrefu sana, mpaka chai yake ikaota ngozi juu.

"Mimi si mtu wa kuua mashine," akasema peke yake, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani.

Jumatano binti yake akafika kumsaidia kupanga nguo za marehemu. Alhamisi asubuhi akaja Twiga.

Twiga ni mpasua mbao, mrefu kupita kiasi, akiingia mlangoni anainama kama anayeomba radhi. Alikuwa mteja wa fundi kabla hata binti hajazaliwa. Msumeno wake haukuwa na ugonjwa wowote. Ulitaka kunolewa mnyororo na kubadilishwa plagi, basi. Ulikuwa unafanya kazi vizuri tangu ulipotoka barazani hapo miezi mitano nyuma, Mama Fundi akiwa bado mzima. Fundi akafungua kava afikie plagi, na alipofungua, macho yake yakaenda kwenye skrubu kwa mazoea tu.

Akaikaribia. Akavaa miwani. Palikuwa na alama mbili. Moja ilikuwa nukta yake, imekwanguliwa lakini ukungu wake mwekundu bado umo kwenye bati. Nyingine ilikuwa nukta mpya, ndogo, nadhifu kuliko yake, kando kidogo. Skrubu ilikuwa imefunguliwa karibu robo mzunguko kutoka pale alipoiacha yeye.

Lo! Mlipaswa kumwona. Uso ulimjaa damu, na ndani ya hasira ile kulikuwa na furaha, nasema kweli, furaha ya mtu aliyemkamata mwizi wake.

"Nani kagusa nukta yangu?"

Twiga akakwepesha macho.

"Nakuuliza wewe! Nani kagusa nukta yangu? Kumbe ndio mchezo wenu! Mnachokoa skrubu huko porini, mnaua mashine zenu kwa mikono yenu, halafu mnaniletea maiti hapa niwazikie! Na rangi mkanunua kabisa, mnifanye mimi mjinga!"

"Fundi, taratibu."

"Taratibu nini? Miaka yote hii, Twiga! Wewe nilikuona ndugu yangu!"

Binti alitokea kwenye mlango wa jikoni, gauni la mama yake limekunjwa mikononi. Twiga akamtazama, kama anayeomba ruhusa. Binti akainamisha kichwa.

"Kaka," Twiga akasema, akimkaribia na kupaza sauti, "mimi nina mikono ya kupaka rangi ya kucha? Nitazame. Nitaipata wapi?" Akatandaza yale makoleo yake ya vidole mbele ya macho ya fundi. "Na mashine yangu imeungua? Si nzima hii? Waulize wale watatu kama kuna mmoja aliyegusa nukta yako. Hawakugusa. Wamekutii, ndiyo maana wameunguza."

Fundi akaitazama tena ile nukta ya pili.

"Ni Mama Fundi," Twiga akasema. "Ukienda bombani kunawa, yeye anaifungua kidogo. Anaiwasha kule upande wa pili, wewe unadhani ni mwenyewe anaijaribu; anasikiliza, anaiweka sawa, anakwangua nukta yako na kupaka yake, nawe bila miwani huoni tofauti. Halafu ndio anaifuta."

"Mke wangu hajui kabureta."

"Kaka yangu. Amekusikia ukitafuta kokoto miaka thelathini, dirisha liko wazi. Hajui vipi?"

Usione vyaelea, vimeundwa. Fundi alikaa kwenye kiti chake. Akasimama tena. Akachukua msumeno wa Twiga, akauwasha, akabana mafuta hadi mwisho. Kwa masikio yake yeye, mashine ilikuwa imelemewa, kokoto zimejaa, petroli nyingi mno. Akachukua bisibisi. Akakaza. Akakaza tena, kidogo kidogo, macho kayafumba kama enzi zile, mpaka aliposikia zile kokoto zake, chache, safi, zinagongana vizuri. Mkono wake ulikuwa haujawahi kutulia hivyo tangu msiba. Akafumbua macho awaonyeshe.

Twiga alikuwa amekunja uso kama mtu anayeng'olewa jino. Binti alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani, viganja viwili kwenye masikio.

"Inasemaje?" fundi akauliza.

Twiga akatazamana na binti.

"Nimewauliza, inasemaje?"

"Filimbi," Twiga akasema. "Filimbi tupu, fundi. Izime, nakuomba, itaungua."

Akaizima. Pakawa kimya, angalau kwa wale wawili. Yeye aliendelea kusikia kokoto zake zikigongana, injini imezimwa na imetulia juu ya meza. Zilikuwa kichwani mwake. Hapo ndipo alipojua, na hakuna mtu aliyemwambia.

"Tangu lini?" akauliza.

"Mwaka wa tatu huu."

"Na nani anajua?"

"Wote tunajua. Alituapisha. Alisema atakayefungua mdomo, asikanyage hapa tena."

"Mlikuwa mnanicheka."

"Nani acheke?" Twiga akasema, na sauti ikamkatika, mtu mzima mwenye wajukuu. "Nani angeweza kucheka, akimwona mama wa watu amepiga goti pale kwenye ngazi, anasikiliza msumeno?"

Fundi akamgeukia bintiye. "Na wewe?"

"Nilijua, Baba."

"Kwa nini hakuniambia? Mimi mume wake! Mji mzima unaniogopa kunambia, sawa, lakini yeye? Kwa nini asiniambie?"

"Alikwambia," binti akasema. Alisema polepole, akimtazama machoni ili aone midomo. "Mara moja alikwambia. Nilikuwepo, nilikuja likizo na mtoto. Alitoa kichwa dirishani akasema, mume wangu, hiyo mbona nyembamba? Ukamwambia akapike."

Alikumbuka. Ndilo lililokuwa baya, alikumbuka vizuri kabisa. Alikuwa na mteja mgeni siku ile, na mbele ya mgeni, mke anamfundisha kazi! Alimwambia, "Wewe kapike, huku waachie wenyewe," na mgeni akacheka, na yeye akacheka. Mkewe hakununa. Alirudisha kichwa ndani. Dakika kumi baadaye akatoka na kitambaa chake mkononi, akasema, hebu niifute.

Fundi alimpa Twiga bisibisi. "Rudisha kwenye nukta yake," akasema.

"Yako au..."

"Yake, Twiga. Yake."

Twiga akairudisha, akafunga kava, akaweka mkono begani mwa fundi, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo akasahau kuinama, akajigonga kwenye boriti ya baraza. Hakuna aliyecheka.

Jioni ile binti aliwasha taa chumbani mapema. Nguo za marehemu zilikuwa zimepangwa kitandani mafungu matatu, za kugawa, za kuweka, na zile ambazo hawakuweza kuamua. Fundi alikaa kwenye ukingo wa kitanda, upande aliokuwa akilala mkewe. Hakuwa amewasha redio. Hakuwa amekula.

"Tutakwenda kwa daktari wa masikio," binti akasema kwa nguvu. "Wiki ijayo. Siku hizi kuna vifaa."

"Mm."

"Na kazi unaweza kuendelea. Mashine za kunoa, za kubadilisha vipuri. Za kusikiliza unampa mtu akusikilizie. Hakuna aibu, Baba."

"Usinipigie kelele," akasema, kisha akajikamata. "Hapana. Piga. Piga kelele, mwanangu, ndio nisikie."

Binti akakaa karibu yake. Alidhani anawaza mashine. Alidhani anawaza jina lake, na wale wateja watatu, na mji mzima uliomficha. Alimshika mkono.

"Siku ile ya mwisho hospitali," fundi akasema, "ulipotoka kwenda kununua dawa."

"Ndiyo."

"Mama yako aliongea."

Binti akageuka. Hilo hakulijua. Siku zote mbili za mwisho mama yake hakuwa ametamka neno mbele yake.

"Alinishika hapa, kwenye kifundo cha mkono. Akaniita nisogee, nikasogea. Akaongea. Si neno moja, mwanangu, wala mawili. Aliongea muda. Niliona midomo inakwenda."

"Alisema nini, Baba?"

Fundi akatikisa kichwa. "Sauti yenyewe ilikuwa ndogo. Ningemwambiaje arudie? Mtu pumzi inamwishia, umwambie rudia? Niliona aibu. Nikafanya kama ninavyofanyaga kwa watu wote, nikaitikia. Nikasema, ndiyo mke wangu, nimesikia."

"Hakukuwa na nesi? Hakukuwa na mtu yeyote karibu?"

"Tulikuwa mimi na yeye tu." Alikuwa anatazama mafungu ya nguo bila kuyaona. "Akanitazama, kama haniamini vile. Akauliza tena. Nadhani aliuliza, maana aliinua nyusi akangoja. Nikasema ndiyo. Nikasema nakuahidi. Basi akaniachia mkono, uso ukamkunjuka, akatulia kabisa. Alifurahi. Nilimwona amefurahi."

Binti alikuwa analia sasa, kwa sauti kubwa, na baba yake alimsikia.

"Nimemwahidi kitu mama yako," akasema, "na mimi sijui ni kitu gani."